Nondo

Pale Kariobangi, nyuma ya duka la magurudumu,
nachomelea watu madirisha.
Nusu ya nondo za Umoja zimepita mikononi mwangu:
maua ya chuma, mishale, mawimbi,
na kwa mwalimu Mbithe, aliyeibiwa mara tatu,
nilisuka chuma hata paka hapenyi.
Kwangu niliweka nene kuliko zote.
Milimita kumi na sita. Mwizi aje na meno.

Jumamosi ile Kerubo alileta chai ya chupa,
akasimama mbali na cheche, kama nilivyomfunza,
akangoja.
Siku zote huiacha juu ya tofali, akaenda zake.
Nikazima mashine.
Nikainua barakoa.

"Baba, kuna mtu anataka picha."

Mtu gani?
Wa kwenye gemu.
Alimpa almasi mia mbili, za kuchezea,
akamwita dada, akamwita nyota,
akasema ana miaka kumi na miwili, anasoma Ngong.
Ila (hapa binti yangu akakunja uso kama karani)
"anaandika vizuri mno, Baba. Anaweka nukta."

Kwanza aliuliza rangi ya geti.
Kisha, baba hulala saa ngapi.
Kisha picha akiwa na sare ya shule.
Kisha picha bila sare.

Nyundo ilikuwa mkononi. Sikumbuki kuiokota.
Simu ilikuwa juu ya fuawe;
yeye mwenyewe aliiweka hapo,
akarudi nyuma hatua mbili,
akafumba macho.

Ndipo nikajua hesabu aliyoipiga usiku kucha:
nikisema, ataivunja. Nikisema, nitapigwa.
Akaja hata hivyo, na chai.

Nikaitua nyundo polepole, kama yai.
"Hukukosea," nikasema, na sauti haikuwa yangu.
Nikasema tena, mpaka ikawa yangu.

Hatukufuta kitu. Shangazi yake Nyanchera
alituonya kwamba ukifuta umemsaidia mwizi kufagia nyayo.
Tukahifadhi kila neno, na kila nukta,
tukamfungia njia yule ndugu,
tukaenda kituoni.
Afisa akauliza mtoto alikuwa anafanya nini na simu.
Alikuwa anacheza, afande. Andika hivyo.

Usiku nilizishika nondo zangu moja moja.
Baridi. Imara. Hakuna hata iliyolegea.
Miaka kumi na tano navaa kioo cheusi
moto usinile macho,
na mtoto nikampa mwanga mtupu,
zawadi ya kushika namba tatu darasani,
wala sikuuliza humo ndani mna nani.

Siku hizi, ugali ukishaliwa, yeye ndiye mwalimu.
Ananionyesha pa kufunga, pa kuficha jina,
nani anamjua kwa sura na nani kwa herufi tu.
Vidole vyangu vimeungua, kioo hakivitambui;
natumia kile kidogo cha kushoto,
na bado kwenye gemu nakufa kabla ya wote.
Anacheka hadi mama yake anatoka jikoni.
Siku nyingine hataki kunionyesha. Ananuna.
Nami nakaa tu pale, na kidole changu.

Jana mteja wa Donholm alitaka madirisha manne.
"Fundi, yasifunguke kabisa. Nina watoto."
Nikamwambia, mama, hiyo kazi sifanyi.
Siku nyumba ikishika moto
nondo hizo zitamfungia mtoto pamoja na moto.
Dirisha moja lazima liwe na kijilango
cha kufungukia ndani,
na ufunguo kwenye msumari, kimo cha mtoto.

Akauliza, kimo hicho ni kipi?

Nikamwita Kerubo asimame ukutani.