Jicho la Desemba

Saa nane usiku, Kitulo. Sakitu imeanza kushika majani.
Sahani yetu imetega sikio juu ya ukungu,
na mimi, Tusekile, naichunga saa ya atomi
kama mtu aliyeachiwa moto wa jirani.

Isimani, ambako mvua ni uvumi,
Lugano ana sahani pacha, saa pacha, na mbu.
Hatuonani. Tunasikiliza nyota moja,
kikongwe anayevimba na kunywea,
anayepumua mvuke mpaka mvuke wenyewe
unatoa mlio mmoja, mwembamba, usiopanda wala kushuka.

Kitaalamu ni meza. Mama, fundi cherehani wa Matamba, alicheka:
"Meza isiyo na miguu?"
Nikamwambia ni madoa, mama, madoa ya maji,
yanang'aa kwa mwanga ambao jicho halina habari nao.
Twatafuta kila doa limekaa wapi:
ni kama unywele umedondoka Chimala
nami niko huku juu, naupima unene.
"Kwa sahani moja?"
Kwa mbili.
"Hapo sawa," akasema. Tangu jicho lake la kushoto
liingie mtoto wa jicho, uzi na tundu la sindano
hawasalimiani.

Ila leo ukungu umepanda kutoka bondeni,
umelalia viazi, umelalia sahani.
Maji ya hapa yanayachelewesha maji ya kule
punje ya punje ya sekunde,
na punje hiyo yatosha kuihamisha nyota.
Basi kila dakika tunageuza shingo
kwa galaksi ya mbali mno, isiyosogea,
tuiulize: ukungu umetudanganya kiasi gani?
Kisha turudi. Kisha tena. Vidole vyangu havina habari nami.

Alfajiri nazifunga diski kwa blanketi,
nazipandisha lori la viazi la Tweve, liendalo Iringa.
Huko watalaza usiku wangu juu ya usiku wa Lugano,
wausogeze, wausogeze,
mpaka milio miwili iwe mmoja.

Na bado. Mpaka Desemba, dunia ikiwa ng'ambo ya jua,
tusikilize tena, mvua ikiruhusu.

Nikapitia Matamba. Mama yuko kibarazani, uzi mdomoni.
"Haya, nyota yako iko umbali gani?"
Sijui, mama. Nimefumba jicho moja.
Akanisogezea sindano nimtungie.