Boksi Kwanza

Ampu ya zamani ilikata roho Nkuhungu,
katikati ya harusi, bibi harusi ameshainuka kucheza.
Ikatoa harufu ya ngozi iliyoungua.
Mpiga kinanda akanitazama kama nimemkanyaga,
nami nikaendelea kupiga nyuzi nne zisizosikika,
maana aliyekodiwa hupiga.

Miezi kumi na mitatu nikaweka.
Zabibu za mjomba kule Hombolo, kreti kwa kreti,
mpaka bahasha ikafika milioni moja na laki nane.
Nikaenda nayo Majengo, kwa Sechelela fundi:
kaunta ya mbao, koili, moshi wa risasi,
feni inayozungusha vumbi lilelile.

Nikamwambia, nataka priampu ya valvu.
Nimeiota. Ina taa mbili ndani, rangi ya asali ya Itigi,
ina vinundu saba, kila kinundu na jina lake.
Priampu ndiyo koo, nikamweleza, pawa ndiyo kifua,
na spika ndiyo—
"Yoramu," akasema, macho bado kwenye saketi,
"usiniletee mashairi. Niletee omu."

Akachora nyuma ya risiti ya luku:
boksi moja la omu nane, pawa hii inatoa wati mia tatu.
Maboksi mawili ya omu nane nane, yakishikana mikono,
yanakuwa omu nne; pawa inafunguka, mia tano.
"La tatu usithubutu. Utaniletea maiti."

Na valvu?
"Valvu unazipenda wewe. Jenereta ya Mlowa je, inazipenda?"
Nikaikumbuka Mlowa: jenereta inakohoa nyuma ya kanisa,
umeme unapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi,
wanakwaya wamesimama midomo wazi wakisubiri noti.
Nikanyamaza.
Kunyamaza kwangu akakuandikia bei:
priampu ya transista, laki tatu, vinundu vitatu.
Pawa ya mtumba, aliyoifungua na kuisafisha mwenyewe, laki sita.
"Iliyobaki yote ipeleke chini."

Chini ni Chang'ombe, kwa Chilewa seremala,
anayetengeneza vitanda, makabati, na majeneza kwa oda.
Nilitaka spika nane za inchi kumi, ukuta mzima.
Akanionyesha mlango wa karakana, akauliza:
"Utatokea wapi? Na nani atabeba?"
Basi boksi moja la inchi kumi na tano,
na jingine la inchi kumi, spika mbili;
hili la kusukuma hewa, lile la kutamka maneno.
Plaiwudi ya milimita kumi na nane. Alipima tundu la hewa kwa kamba,
akatoboa, akasikiliza kwa kiganja, akatoboa tena.
Siku nne nilikaa pale nikingoja gundi ikauke.
Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa besi huanza na gundi.

Jumapili nikaunganisha uani, Kizota.
Uzi mnene, mara moja.
Mabati ya jirani yakaitika. Kuku akaacha mayai.
Nikageuka nikitarajia jirani na matusi yake.
Aliyetoka ni mama.

Mama ujanani alipiga muheme,
ng'oma imebanwa kati ya magoti, vumbi mpaka kiunoni.
Siku hizi sikio moja limefunga duka,
la pili linafungua likitaka.
Hakuuliza bei (uongo nilikuwa nimeshauandaa).
Alikuja na ungo wa karanga,
akakalia boksi la kumi na tano kama kigoda,
akabana magoti.

Nikapiga. Karanga zikacheza kwenye ungo.
"Chini zaidi," akasema.
Hakuna chini zaidi, mama. Nyuzi zimeishia hapo.
Akapepeta mara moja, maganda yakaenda na upepo,
akaweka ungo mapajani, akangoja.

Nikakishika kigingi cha uzi mnene,
nikaanza kulegeza.