Mashua Iitwayo Deni

Tuliinunua kwa mkopo wa sako ya walimu,
futi ishirini na saba, faiba iliyopauka,
ndani inanuka viazi vya mwaka jana.
Obuya akachovya brashi kwenye rangi ya mlango
akaandika ubavuni: DENI.
Vijana wa Dunga wakacheka, dawa yake kulipa!
Jumanne tukamrudishia mwenye nyumba wa Nyalenda ufunguo wake,
akatuhesabia balbu, zote zilikuwepo.

Mwaka wa pili sasa.
Watoto wanalala palipokuwa na injini,
injini imehamia palipokuwa na choo,
choo usiniulize.

Hawi ana miaka minne. Kamba kiunoni, kama mbuzi wa mahari,
alijua kuhesabu mafundo kabla ya vidole.
Apondi, tisa, anafanya hesabu juu ya paa la chumba,
nami namtungia maswali kwa yaliyopo:
Upepo wa nchi kavu ukianza saa tisa usiku,
wa ziwani ukiamka saa saba mchana,
baba atalala saa ngapi?
Alijibu: Halali. Nikampa alama zote.

Ndere tulitia nanga siku nne.
Swala walishuka kunywa maji
karibu kiasi cha kuwasikia wakimeza,
na Hawi akawapa majina ya shangazi zake.
Remba ni mabati na muziki hadi alfajiri;
tulinunua omena gorogoro mbili, tukaondoka na macho mekundu.
Takawiri ina mchanga mweupe. Sina la kuongeza,
niliosha nguo siku nzima.

Aprili, karibu na Homa Bay, tuliamka tukiwa shambani.
Gugumaji limetuzunguka usiku kucha,
kijani mpaka macho yalipoishia, maua yake ya zambarau,
ndege wa miguu mirefu akaja kwa miguu hadi dirishani.
Siku sita. Obuya alishika panga akafyeka njia
upana wa mashua, na kila asubuhi imefunga.
Laiti mama yake angemwona:
hatimaye mwanawe analima.

Usiku wa nne nililia, nakubali.
Mafuta ya taa yamekwisha, usubi umejaa kwenye uji,
na vyeti vyangu vimeota kuvu,
muhuri wa chuo umekuwa kisiwa kingine
ambacho hakimo kwenye ramani yetu.
Obuya hakusema kitu. Alivianika kimoja kimoja
kwenye kamba ya tanga, kwa vibanio vya nguo.

Daraja la Mbita ni fupi kuliko mlingoti wetu.
Tukaulaza, watu wazima wawili na mtoto mmoja na nusu,
bodaboda zikasimama juu kututazama.
Chini pale palikuwa baridi. Lori likapita kichwani petu,
Hawi akaziba masikio, akasahau,
akayazibua kusikiliza mwangwi wa jina lake.
Upande wa pili maji yalikuwa mengine,
hayakuwa na ng'ambo.

Agosti tulikwenda Ahero, kwa nyanya yao.
Usiku Apondi alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.
Mama, akanong'ona, mbona hapayumbi?
Nani ametushika?

Asubuhi mama mkwe alitupeleka nyuma ya zizi.
Alikuwa amechomeka vijiti vinne ardhini, na kamba ya katani:
Hapa ndipo penu. Watu hawaishi majini kama viboko.
Obuya alivitazama vile vijiti
kama anavyoyatazama mawingu yakipanda nyuma ya milima ya Homa,
kidole kimoja mdomoni, kisha hewani, kimelowa.
Mlango, akauliza, utaelekea wapi?

Mama yake akafurahi, akaanza kueleza.
Mimi nilijua anauliza kuhusu upepo.
Hawi alikwishajifunga kwenye kijiti cha tatu,
kwa fundo zuri kabisa, lile lisiloteleza.
Bado awamu kumi na nne.