Tangi Namba Saba

Saa nane za usiku Tove Skaarup anabandika sikio
ubavuni mwa tangi namba saba.
Joto, asidi, oksijeni, vyote viko kwenye skrini,
lakini yeye haamini macho tu;
husikiliza, kama mpishi asikilizavyo wali uliopaliwa makaa.

Ndani mna hamira.
Ndugu wa ile iumuayo mkate,
ila hii imechomekewa sentensi moja
iliyonakiliwa kutoka mwili wa binadamu,
nayo, kwa kuwa haikufunzwa kubisha,
inaisoma, inaitii, inatoa insulini.
Inakula sukari usiku kucha
itengeneze dawa ya wale ambao sukari inawala.

Laust, baba yake, alikuwa mtu wa machinjioni.
Miaka ishirini na miwili alichopoa makongosho ya nguruwe,
moja moja, akiyatia ndooni juu ya barafu.
Jioni alinawa mara tatu, harufu isitoke.
Ndoo kwa ndoo, lori kwa lori,
na mwisho wa safari yote hiyo kichupa
kisichojaza kiganja.
Siku alipoambiwa kazi yake wamepewa hamira
aliweka kisu mezani, akasema:
"Basi nguruwe wamepumzika. Na mimi je?"

Sasa tangi moja hubeba lita elfu themanini,
halina damu, halina kwato.
Ukutani mwa kantini pana grafu ya bei ya hisa,
na chini yake barua ya fundi bomba wa Ohio:
mwanangu anakigawa kichupa cha wiki kwa wiki tatu,
hivi hiyo hamira yenu hulipwa kiasi gani?
Walicheka. Wakaisoma tena. Wakanyamaza.
Tangi la kuchachusha jibu halijajengwa.

Saa tisa na dakika kumi mstari wa oksijeni unainama.
Tove anachota tone, analiweka chini ya darubini:
kati ya viduara vya hamira
vijiti vyembamba vinaogelea.
Bakteria. Mgeni hakupiga hodi.
Meneja Ravnkilde, simuni, sauti bado mtoni:
"Tusingoje asubuhi?"
"Asubuhi watakuwa wenyeji."

Anafungulia mvuke.
Sheria haitaki kiumbe kilichoandikwa upya
kitoke nje kikiwa hai,
basi huchemshwa kwanza, wageni kwa wenyeji,
ndipo valvu ya chini ifunguliwe.
Kwa saa mbili kiwanda kizima kinanuka mkate ulioungua.

Nyumbani Laust yuko macho, soksi moja mkononi.
"Zamu?"
"Tumemwaga."
"Lote?"
"Lote."
Anatazama dari, anaanza kuhesabu
hao wangekuwa nguruwe wangapi.
Midomo inacheza, vidole vinakunjwa na kukunjuliwa.
Kwenye elfu arobaini na kitu anapotea,
anavaa soksi,
anaanza upya.