Kutwa Mara Tatu

Kadi nazikata kwenye maboksi ya dawa,
upande wa ndani, mweupe, usiosema kitu.
Boksi la vidonge vya malaria hutoa kadi nne,
la kikohozi sita, ukijua kupitisha wembe.
Duka langu liko Mwanga, kona ya kuteremkia stesheni,
na mchana kutwa nawaambia watu:
hii kutwa mara tatu, hii usiku tu,
usiache dozi eti umepata nafuu.

Usiku nageuka mgonjwa wa dozi zangu.
Kopo la kwanza, la maziwa ya unga: kila siku.
La pili, la kahawa: kila siku ya tatu.
La tatu halina mfuniko: Jumapili, baada ya kufua.
Ukikosea, kadi inarudi kopo la kwanza.
Haisikilizi samahani.

Nilianza na mti, 木.
Mti ni mti, hauna ujanja.
Miwili, kichaka. Mitatu, msitu.
Kumbe nao hurudia kama sisi,
ambao pole ikizidi tunaiita polepole.

Mtu ubavuni mwa mti, 休: kupumzika.
Hapo nilimweka baba.
Nilimvika shati la kaki, kiatu kimoja kakivua,
anakung'uta siafu, mgongo kauegemeza, huko Mahale,
na sokwe wako juu wanakula, hawana haraka.
Kadi hiyo haijarudi kopo la kwanza hata siku moja.

Ziwa, 湖: maji, halafu zamani, halafu mwezi.
Hii sikuitungia hadithi, niliikuta Kibirizi.
Usiku wa mbalamwezi taa hazina kazi,
dagaa hawazifuati, mitumbwi imelala mchangani,
na maji yale ya kale yamebaki na mwezi wake.
Aliyeibuni herufi hii hakufika kwetu.
Sijui alijuaje.

Nyingine nazifunga kwa kamba mbovu.
Sikio ndani ya mlango, kusikia:
huyo ni Bi Siwema wa nyumba ya pili.
Shamba juu ya moyo, kuwaza:
michikichi ya mama kule Simbo, nani ataivuna.
Na ile yenye kifo juu, moyo chini, 忘,
kusahau,
mara kumi na moja imenirudia.
Naitungia hadithi, naisahau hadithi.

Usiku mmoja Ntakije wa bodaboda kagonga dirisha,
shavu limevimba, anataka dawa ya jino.
Akaziona kadi mezani.
"Dada, hirizi za wapi hizi?"
Nikamwambia ni za kukumbuka.
"Huna ya kusahau? Kuna mtu namdaiwa,
nataka yeye ndiye asahau."
Nikampa. Akaitia mfuko wa shati, akaondoka anapiga honi.
Tangu hapo naijua hata gizani, kila mkwaju wake.

Daftari la baba lina jalada la bluu, linanuka mawese.
Yeye aliandika kwa penseli: majina ya sokwe, saa, kijito.
Pembeni, kwa wino, mkono wa mtafiti mmoja wa Kijapani,
mstari kwa kila siku.
Miaka kumi na tisa nilidhani ni siri,
au shukrani, au hesabu ya mshahara
ambao hakuletewa.
Jana, makopo yote yakiwa yamekwisha,
nikafungua tarehe kumi na nne Machi.
Herufi mbili tu.
Mvua: matone manne kwenye kioo cha dirisha.
Halafu mtu, na mti.

Basi. Mvua. Kupumzika.

Nilikaa nayo mpaka taa ikapungua.
Kisha nikageuza ukurasa.
Kesho yake mstari ni mrefu, herufi tisa,
naijua moja.
Nikanyoosha mkono kutafuta wembe
na boksi tupu.