Vibao vya Saginaw

Mwaka jana sifuri ilichubuka rangi
kwa kutundikwa, kutunguliwa, kutundikwa tena.
Saba ilikaa sandukuni, mpya kama sahani ya wageni.
Mechi tisini na nane tulipoteza:
nilizihesabu mimi, juu ya ngazi,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya mtoni.
Watu walikuja kula soseji na kuua jioni.

Aprili hii nayo tulianza vilevile,
kumi na moja mfululizo.
Kocha Nowicki hakufoka. Alileta ufagio,
akafagia maganda ya mbegu kibandani, peke yake, kimya.
Kesho yake Quezada akaja na ufagio wa pili.

Sisemi ufagio ndio ulioshinda.
Nasema tu kwamba Mei misumari yangu ilitaka mafuta,
na Hadley, mrushaji waliyekwisha kumwaga,
akagundua mpira wa polepole,
mpira mtani,
unaofika gongo likishapita.

Julai, raundi ya sita, tukapata tisa.
Sikuwa na tisa! Panya, au watoto, sijui.
Nikapindua sita.
Uwanja mzima ukaangua kicheko, kisha makofi,
nami juu ya ngazi nikainama kama bwana harusi.

Septemba tumekosa kombe, kwa mechi moja.
Nimeteremsha vibao, nimevipangusa.
Sifuri nimeipaka rangi upya,
mwakani itatakiwa.
Ile sita bado inaning'inia kichwa chini.
Sijaigusa.