Nukta Tatu

Ramani niliyopewa Haima ilikuwa nyeupe.
Katikati, kwa wino wa mashine: ENEO TUPU.
Nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya birika
isipeperuke.

Bi Thumna binti Luweiti hakuitazama.
Alivua kiatu kimoja, akakung'uta changarawe,
akasema kwa Kiarabu cha kuazima, kama changu:
"Washa hicho chombo chako. Twende kwa miguu."

Toka mgunga wa kwanza hadi mgunga wa pili
ni mwendo wa kuchemsha chai.
Alitaja majina kumi na tisa.
Hapa alivunjika mguu ngamia mweupe.
Hapa ukungu hulala hadi saa mbili ya jua;
ukitandika blanketi juu ya matawi usiku,
alfajiri unalikamua, unapata maji ya mtoto mmoja.
Hapa nilijifungua.
Hapa hapana jina, alisema, akacheka,
hapa panasubiri.

Mimi niliona mawe.
Naapa, niliona mawe tu,
na vigingi vyenye utepe mwekundu
vya watu waliokuja wiki moja kabla,
wakapima, wakanywa maziwa yake, wakashukuru, wakaondoka.

Kwenye jina la saba kalamu ilikwama.
Ipo sauti hupita kando ya ulimi,
kama hewa itorokayo pembeni mwa kizibo cha kiriba.
Alifu hadi ye, hakuna anayeijua.
Nikageukia herufi za mama, za shule ya Unguja:
nazo kimya.
Andika shini, nikajishauri, yatosha.
Shikha, mjukuu, miaka kumi na minne, akachungulia daftari:
"Hilo sasa ni jina la mahali pengine."

Mama yangu, kule Ruwi, alifunga dirisha la jiko
kabla hajaniita kwa Kiswahili.
Nilidhani anazuia vumbi.
Lakini nisijifananishe.
Lugha yangu ina redio, ina magazeti,
ina mamilioni ya kugombania sarufi yake;
ikifukuzwa jikoni ina kwingine pa kulala.
Hii ya Thumna
ikitoka hapa, inakwenda wapi?

Usiku Shikha alipanda juu ya paa la gari,
ndipo mtandao unapopatikana,
akaiambia simu habari kwa lugha ya bibi yake:
mbuzi wa nani hajaonekana,
kisima kipi kimeingia chumvi,
nani kajifungua, wapi vigingi vimeongezeka.
Dakika tatu, na kikohozi kimoja.
Simu sitini na mbili zikaipokea,
mojawapo Sohar, ya askari aliyejibu:
Rudia. Rudia tena, polepole.

Ofisini Maskati waliniuliza
majina yote haya ya nini, mahali pasipo na mtu.
Wakataka yaandikwe kwa herufi zinazojulikana.
Nikajibu "inshallah," lile la kufunga mlango,
nikarudi Haima mikono mitupu.

Shikha alikuwa ameiokota ramani chini ya birika.
Duara la chai lilikuwa juu ya neno tupu.
Kaijaza kwa penseli, majina mia na ushei,
yanapandiana kama ngamia kwenye hodhi,
na kwenye lile la saba ameweka sini,
chini yake nukta tatu
alizozibuni mwenyewe.
"Wataiona?"
Nilimwambia sijui.
Bi Thumna aliendelea kuchuja maziwa.

Jina lenyewe siliandiki hapa.
Hakulitaja ili lipambe shairi la Kiswahili.
Ila nukta nimezigusa:
mtoto alikandamiza mno penseli,
karatasi imetoboka kidogo,
ukiigeuza, upande wa pili,
kidole kinazisoma.